MKONO MMOJA HAULEI MAPACHA

Tarehe 17 Novemba ya kila mwaka ulimwengu huadhimisha Siku ya Watoto Njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za mimba. Hotuba husomwa, zawadi hugawiwa wodini, na picha hupigwa. Hayo ni mema, wala hatuyabezi. Lakini leo tunapenda kuzungumzia siku zilizobaki za mwaka, ambazo mama wa mapacha njiti huzipitisha njiani, baina ya nyumba yake na milango ya madaktari, bila ya hotuba wala picha.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Ulimwenguni linakisia kuwa mwaka 2020 walizaliwa duniani njiti wapatao milioni 13.4, na kwamba matatizo yatokanayo na kuzaliwa kabla ya wakati ndiyo yanayoongoza katika kuua watoto walio chini ya miaka mitano. Mapacha wamo safu ya mbele, kwani mimba ya watoto wawili aghalabu haifiki mwisho wake. Kwa hiyo familia ya mapacha huingia katika mtihani huu kwa pamoja na mara mbili: vitanda viwili, mipira miwili ya kulishia, hofu mbili.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa habari hii. Chuoni tulisomeshwa kwamba Kurani imetaja mahali pamoja miezi thelathini kwa mimba na kunyonyesha, na mahali pengine miaka miwili kwa kunyonyesha peke yake. Wanavyuoni wakapiga hesabu, wakahukumu kwamba muda mfupi kabisa wa mimba ni miezi sita. Basi mtoto wa miezi sita na nusu si kitu kilichoharibika. Ni mwana wa watu mwenye haki zake kamili, na ni juu yetu kuzilinda.

Njia za kuzilinda zipo, na nyingine hazihitaji mashine. Mwaka 1978, huko Bogotá nchini Colombia, Dk. Edgar Rey Sanabria aliona mashine za joto hazitoshi, akaagiza akina mama wawabebe njiti wao kifuani, ngozi kwa ngozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki, ulionyesha kwamba kuanza kubeba hivyo mara tu baada ya kuzaliwa hupunguza vifo kwa robo nzima, kwa watoto wenye uzito wa kilo moja hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8. Mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni likapendekeza mtoto abebwe saa nane hadi 24 kwa siku. Lakini ni nani atakayebeba watoto wawili kwa saa zote hizo, naye huyo huyo apike, afue, akamue maziwa na alale? Hapo ndipo wahenga wetu waliposema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Kifua cha baba kina joto, na cha bibi kadhalika.

Wengi hudhani kwamba siku watoto wanaporuhusiwa kurudi nyumbani ndiyo mwisho wa safari. Kwa hakika ndiyo mwanzo wake. Njiti aliyezaliwa mchanga sana hana budi kupimwa macho katika wiki za mwanzo, kwa sababu mishipa ya ndani ya jicho lake haijakomaa na inaweza kukua vibaya hadi ikamtia upofu. Ugonjwa huo ukionekana, muda wa kuutibu ni siku chache tu. Baada ya macho kuna masikio, na baada ya masikio kuna mizani ya kila wiki. Mwingine mshipa ulio karibu na moyo, ambao ulipaswa kujifunga wenyewe, hubaki wazi. Mwingine hutokwa na damu ndani ya kichwa, na baadaye maji yakajaa. Wengi, hasa wavulana, hupata ngiri inayohitaji kupasuliwa. Na kikohozi ambacho kwa mtoto mwingine ni mafua ya siku tatu, kwao huwa ni kulazwa.

Sasa tuchukue mfano wa mama wa Micheweni, na wanawe tuwaite Hassan na Hussein, kama ilivyo desturi yetu kwa mapacha. Hassan ameandikiwa Jumatatu, apasuliwe ngiri Unguja. Hussein ameandikiwa Alhamisi, apimwe macho. Siku ya upasuaji Hassan hatakiwi kunyonya kwa saa kadhaa, na huku pacha wake analia njaa katika paja la pili. Akishapasuliwa, daktari humzuia usiku ule, kwa kuwa mtoto njiti aliyepewa dawa ya usingizi anaweza kusahau kupumua. Mama alale wapi na Hussein, ambaye si mgonjwa wa wodi hiyo? Akirudi Pemba, ataivuka tena bahari kabla ya Alhamisi? Na bahari ikichafuka kwa kusi, ile miadi ya macho imngoje?

Hatusemi kwamba madaktari na wauguzi wetu hawajitahidi. Wanajitahidi, na wengi wao hukesha. Tunachosema ni kwamba kila mlango unamwandikia mama tarehe yake bila ya kuulizana na mlango wa pili. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ilitangaza matibabu bure ili umaskini usimwue mtu. Lakini dawa isiyolipiwa haimfai asiye na nauli ya kuifuata. Mama akikosa miadi huandikwa mzembe, kumbe aliyekosa ni mpango.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne kwa wahusika. Kwanza, mapacha njiti wawe na kadi zinazokwenda pamoja na siku moja ya kliniki, ambapo macho, masikio, mizani na moyo vitaangaliwa katika safari moja. Jambo hili halitaki jengo jipya, linataka daftari moja na watu wa kusikilizana. Pili, barua ya daktari wa Pemba, au wa kisiwa chochote kidogo, itoshe kumpatia mama na msaidizi mmoja nafasi katika boti na mahali pa kulala karibu na hospitali. Tunasema msaidizi, kwa sababu watoto wawili wanahitaji mapaja mawili. Utaratibu huo ufuate mgonjwa hata anapovushwa kwenda Dar es Salaam kwa matibabu ya moyo.

Tatu, suala la likizo. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 iliweka siku 84 za uzazi, na siku 100 kwa aliyezaa zaidi ya mtoto mmoja. Mwaka 2025 sheria hiyo ikarekebishwa ili mama wa njiti aongezewe muda. Mambo ya kazi si ya Muungano, nasi visiwani tuna sheria zetu. Tunawaomba watunga sheria wetu wazipime kwa mizani hiyo, na wasimsahau baba. Nne, masheha wawajue njiti wote waliomo katika shehia zao, ili muuguzi apate kuwafikia kabla kikohozi hakijawa nimonia.

Kwa wananchi wenzetu tuna neno pia. Tusiwalinganishe watoto hawa na wa jirani tukasema ni wavivu au wamerogwa. Chanjo zao huhesabiwa tangu siku waliyozaliwa, lakini kukaa, kutambaa na kusimama huhesabiwa tangu siku waliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyetangulia miezi mitatu ana deni la miezi mitatu, naye atalilipa taratibu. Aidha, anayekwenda kumpa hongera mama huyu asiende na maneno matupu na mafua yake. Aoshe mikono, achukue ndoo akateke maji, au ambebee mtoto mmoja hadi kituo cha daladala.

Taifa hupimwa kwa namna linavyowachukulia wale wasioweza kusema. Hospitali zikishakesha miezi miwili kumwokoa mtoto wa kilo moja, itakuwa ni hasara na aibu tukimpoteza, au akipoteza macho yake, kwa sababu ya tarehe mbili zisizopatana na nauli ya boti. Wizara, masheha, waajiri na majirani, kila mmoja anao mkono wake katika malezi haya. Tuinyooshe sasa.