Nyangumi wa Turkana na Deni Letu

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwaka 1964, huko Loperot, Turkana, wanasayansi waliinama wakafukua kisukuku cha nyangumi, takriban kilomita 740 kutoka pwani ya leo. Nyangumi huyo, aliyeishi yapata miaka milioni 17 iliyopita, aliingia mtoni kutoka baharini, akaukwea mkondo hadi akafia bara. Ishara kwamba nchi ile ilikuwa bado bonde la chini, haijainuka. Visukuku vya Pakistan navyo, vya miaka milioni 50 hivi, vyadhihirisha kwamba mababu wa nyangumi walikuwa wanyama wa miguu minne waliotembea nchi kavu.

Kisukuku cha Turkana kilipotea ng'ambo, kikapatikana tena mwaka 2011 katika Chuo Kikuu cha Harvard. Naona hatari ya pili: habari zake kupotelea katika lugha za kigeni. Je, mtoto wa Lodwar atazisoma kwa lugha gani? Istilahi tunazo: kisukuku, mageuko, mamalia, tabaka za miamba. Kilichosalia ni kuandika. Wanafunzi wenzangu, tusiziachie kamusi kazi hiyo. Istilahi isiyotumika nayo hugeuka kisukuku.