Filta Isifiche Vumbi la Karatu



Mwaka huu tuliwaomba wanafunzi watuletee picha za mazingira ya Ganako na vijiji jirani. Zimekuja nyingi, maashallah, na baadhi ni nzuri mno. Lakini katika nyingine hatukuitambua Karatu. Udongo wetu mwekundu umegeuka zambarau, na mashamba yaliyopigwa picha mwezi wa Septemba, wakati hata mbuzi wanahangaika kupata jani, yanang'aa kijani kama ya Aprili. Zimewekewa filta za simu.

Hatusemi kuwa filta ni haramu. Anayetumia programu kama Prisma, iliyotoka mwaka 2016, akaifanya picha ya msitu wa Ngorongoro ifanane na mchoro wa rangi za mafuta, hakumdanganya mtu. Kila anayeitazama anajua ni sanaa. Tena wanazuoni wamekhitilafiana zaidi kuhusu picha za viumbe wenye roho, ama miti, Ibn Abbas (r.a.) mwenyewe alimwelekeza mchoraji huko.

Tunayoikataa ni filta inayojificha, ile inayozidisha kijani na kufuta vumbi, kisha picha ikaonyeshwa kama hali halisi. Mnakijua kisa cha muuza chakula ambaye Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika lundo lake, akakuta ndani pamelowa. Muuzaji alisema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione. Mvua haikuwa kosa lake, na kiangazi si kosa la Karatu.

Wakubwa nao wamenaswa na jambo hili. Februari 1982 jarida la National Geographic la Marekani lilisogeza kwa mashine piramidi za Giza, Misri, ili zienee kwenye jalada. Hakuna piramidi iliyoibwa, lakini lawama ziliwafuata kwa miaka mingi.

Kwetu madhara yako karibu zaidi. Familia nyingi hapa zinakula kwa wageni waendao kreta. Mgeni aliyeona pichani kijani kitupu, akafika Septemba na kukuta nyasi za rangi ya mchanga, atamnung'unikia dereva, na dereva huyo ni baba wa mmoja wenu. Pia picha ni ushahidi. Makorongo yanakula mashamba yetu, na Ziwa Manyara hupanuka na kunywea kwa majira. Atakayetaka kulinganisha miaka 20 ijayo atapimaje, ikiwa maji yamepakwa bluu na korongo limetiwa kivuli? Filta ya rangi za mafuta huchukua nukta ndogo zilizo jirani na kuzifanya rangi moja, hivyo nyufa na vijani vyembamba hupotea. Ukihifadhi juu ya picha ya asili, havirudi tena.

Kwa hiyo picha za filta tumeziweka ukurasa wa sanaa, na chini ya kila moja tumeandika kuwa imebadilishwa. Mwakani mtuletee ya asili pamoja na jina la mahali na mwezi ilipopigwa. Wazazi wenye simu watusaidie kutunza nakala hizo. Ukurasa mzima wa mazingira tumeipa picha moja ya korongo nyuma ya shamba la mahindi, yenye vumbi lake lote.