Bambo, Gunia na Programu ya Kompyuta

Mwanachuo aliyepata kwenda Kariakoo kununua mchele wa jumla bila shaka ameliona bambo likifanya kazi. Mnunuzi hulichoma ubavuni mwa gunia, punje chache zikateremka kiganjani, akazitazama na kuzinusa, kisha akakubali bei au akaenda zake. Gunia zima halifunguliwi. Nashangaa kwamba kifaa hiki hakitumiwi katika kufundisha hisabati, maana ndani yake mna swali lile lile linalowasumbua mafundi wa programu za kompyuta: ni majaribio mangapi yaliyofaulu yanayompa mtu haki ya kusema kwamba kitu hiki ni cha kutegemewa?

Tuseme programu hukosea mara 1 katika kila kazi 10. Uwezekano wa kuijaribu mara 5 bila kuliona kosa hata moja ni 0.9 ikizidishwa kwa yenyewe mara 5, yaani karibu 0.59. Zaidi ya nusu! Majaribio yakifika 30, uwezekano huo hushuka hadi 0.04 hivi. Basi aliyejaribu mara 30 bila kosa aweza kudai, kwa imani ya asilimia 95, kwamba makosa hayazidi 1 katika 10; zaidi ya hapo hana haki ya kudai. Akitaka kusema 1 katika 100, hana budi kupata majaribio 300 safi, na kwa 1 katika 1,000, majaribio 3,000. Kanuni yenyewe ni nyepesi: gawanya 3 kwa idadi ya majaribio yasiyo na kosa. Kwa ndege za abiria hutakiwa kosa la kuangusha ndege lisizidi 1 katika saa bilioni 1 za kuruka. Saa hizo ni zaidi ya miaka 114,000, kwa hiyo majaribio peke yake hayawezi kuthibitisha jambo hilo.

Tena idadi haitoshi. Bambo likichomwa mdomoni mwa gunia kila mara, mchele wa chini haujapimwa. Vivyo hivyo, programu ya kutolea risiti iliyojaribiwa kwa bei za maelfu haijajaribiwa kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayemuuzia mteja wa Lubumbashi mzigo wa mamilioni.

Nchi yetu ilipata kuyaonja mambo haya. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hesabu za Serikali zilizowekwa katika kompyuta kuleta matatizo makubwa, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo. Marufuku ile ilikwisha kuondolewa, na wako wanaoicheka. Mimi siicheki. Asiye na kipimo cha imani ana njia mbili tu: kuamini yote au kukataa yote.

Nasi walimu tuna dhambi hiyo hiyo. Mtoto hupewa hesabu 5 za kujumlisha, akazipata zote, tukaandika kwamba anajua, akapandishwa darasa. Aghalabu hesabu zote 5 ni zile ambazo jumla ya mamoja haifiki kumi. Tumechoma bambo mara 5, tena mdomoni mwa gunia, na mwakani mwalimu mwingine atamwita mtoto yule mvivu.

Ushauri wangu ni kwamba jambo hili lifundishwe kwa mikono. Tia mfukoni maharage meupe 90 na mekundu 10, usiwaambie wanafunzi. Kila mmoja achomoe punje moja bila kutazama ndani, aionyeshe, airudishe, mfuko utikiswe. Afanye hivyo mara 5. Katika darasa la wanafunzi 40, yatarajiwe kwamba kama 24 hawataona jekundu hata moja. Waulize hao kama mfuko ni safi, uandike majibu yao ubaoni. Kisha mwaga maharage yote mezani, wayahesabu wenyewe.