Sajilini Ticha kwanza, mastaa baadaye

Dirisha la usajili likifunguliwa kelele ni zilezile. Straika fulani anatua, winga fulani kapandishwa ndege usiku wa manane. Kocha je? Mechi tatu mbaya tu, begi lake liko mlangoni.

Watu wa muziki wa dansi waliyapitia haya zamani. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake na kuvuta wanamuziki sita kwa mpigo kutoka Mlimani Park, akiwemo Muhidin Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar. Sita! Ni sawa na Yanga waingie Msimbazi watoke na nusu ya kikosi. Ndiyo ikazaliwa International Orchestra Safari Sound, wana Ndekule.

Sasa sikia. Mlimani haikufa. Iliyozimika mapema ni Ndekule, tena baada ya miaka michache tu.

Wapo watakaosema ni utunzi, wengine watasema mashabiki wa Sikinde wagumu kama wa Simba. Mimi kura yangu nampa Michael Enoch, yule waliyemwita King Enoch, na wenzake wakamwita Ticha. Aliingia Dar es Salaam Jazz mwaka 1960, gitaa likampa jina, baadaye akawa kiongozi na mpangaji muziki wa Mlimani. Saksafoni pia alipuliza. Mpangaji ndiye anayeamua solo liingie wapi, tarumbeta zijibu lini, nani anyamaze ili mwimbaji asikike. Hilo ni benchi la ufundi, basi tu halikuwa na bukta. Ukimchukua mwimbaji umechukua sauti. Mipango ya Ticha inabaki kwenye vidole vya vijana aliowafundisha, na hao huwezi kuwabeba wote kwenye basi.

Nayasema haya nikiwa Kimbiji, kwenye nchi ya Wazaramo, wenye ngoma ya sikinde iliyoipa bendi ile mtindo wake. Jioni vijana wanacheza hadi giza linaingia, na vipaji unaviona bila miwani. Akitokea mmoja mkali anachukuliwa kwenda mjini, tunashangilia, halafu wenzake kumi wanabaki na nani? Na mtu mmoja mwenye filimbi, anayejilipia nauli ya bodaboda, siku akipata kibarua hakuna mazoezi. Kijana anafika miaka 19 hajafundishwa hata namna ya kukaba nafasi, kisha tunamlaumu akifeli majaribio.

Wafadhili wanakuja, si kwamba hawaji. Wanaleta jezi, mipira na kombe la mbuzi, wanapiga picha, wanawahi pantoni. Jezi zimetosha. Atakayekuja msimu huu viongozi wa timu wamuulize kitu kimoja kabla ya picha: mwalimu atamlipa shilingi ngapi kwa mwezi, na kwa miaka mingapi?