Nyumba Haihami Nusu

Mtumishi wa umma apatapo barua ya uhamisho hapa Rungwe, jamaa zake humwuliza maswali mawili: anapelekwa wapi, na mama watoto anabaki na nani? Swali hilo la pili huulizwa kana kwamba limekwisha kukatwa shauri ya kuwa mke na watoto hawana safari. Sisi twaona kwamba mazoea hayo yana historia yake, na kwamba historia hiyo haistahili kuendelezwa katika nchi iliyo huru.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia huko makao makuu ulipitishwa na TANU mwaka 1973. Kwa zaidi ya miaka 40 utekelezaji wake ulikwenda kwa kusuasua, mpaka Rais John Magufuli alipotangaza mwezi Julai 2016 kwamba serikali nzima ihamie huko. Dodoma ikafanywa jiji mwezi Aprili 2018, na Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa mwaka uliofuata. Katika sensa ya 2012 manispaa hiyo ilikuwa na watu wapatao 411,000; katika sensa ya 2022 jiji lilikuwa na watu zaidi ya 765,000. Miongoni mwao wamo watoto wa Rungwe wengi: makarani, wahasibu, walimu, wauguzi na madereva.

Safari ya kwenda kutafuta kazi si ngeni kwa wilaya hii. Babu zetu walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, huko Chunya. Wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wengine waliandikishwa na Wenela wakapelekwa migodi ya Afrika Kusini, mpaka serikali yetu ilipokomesha uandikishaji huo baada ya Uhuru wa 1961. Katika migodi ya shaba wako waliopata nafasi ya kuishi na wake zao. Lakini Afrika Kusini mchimbaji Mwafrika alilazwa katika kambi ya wanaume watupu, na mkataba ulipokwisha alirudishwa alikotoka.

Mpango huo haukutokea kwa bahati mbaya. Bwana mgodi alilipa mshahara wa kumtosha mtu mmoja. Gharama ya kuwalea watoto, kuwauguza wagonjwa na kuwatunza wazee aliiacha juu ya migomba ya Rungwe na mikono ya wanawake walioilima. Godfrey Wilson, mtaalamu Mwingereza aliyeishi kwa Wanyakyusa pamoja na mkewe Monica katika miaka ya 1930, baadaye alikwenda kuchunguza maisha ya wafanyakazi wa Broken Hill, mji unaoitwa sasa Kabwe. Katika maandishi yake ya 1941 na 1942 alionyesha jinsi vijiji vilivyodhoofika kwa kuondokewa na wanaume, huku miji ikinufaika kwa nguvu zao. Huo ndio unyonyaji, na haukuhitaji kiboko.

Hata mabepari wenyewe hawakuwa na kauli moja. Kule Katanga, kampuni ya Union Minière ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaruhusu wafanyakazi wake kuja na wake zao na kuwapa mikataba ya miaka mitatu. Haikufanya hivyo kwa huruma. Ilikuwa imepiga hesabu ikaona kwamba mtu aliyetulia na jamaa yake hudumu kazini na huzidi kuwa stadi. Ikiwa kampuni ya kikoloni iliyotafuta faida tu iliweza kulitambua jambo hilo, serikali ya wakulima na wafanyakazi haina udhuru wa kutolitambua.

Wala hatuna haja ya kwenda Katanga kutafuta mfano mwema. Katika mila ya Wanyakyusa, vijana wa rika moja walijenga kijiji chao kando ya kile cha baba zao. Ulipofika wakati wa ubusoka, wazee walikabidhi madaraka na ardhi kwa rika lililofuata, na vijana hao wakashika vijiji vyao pamoja na wake na watoto wao. Kuhama kulikuwa na wakati wake, mahali pake na watu wake. Hakuna kijana aliyeambiwa atangulie peke yake, na mengine yataonekana mbele.

Leo mambo yamekuwaje? Taratibu za utumishi zinaitambua familia. Mtumishi anayehamishwa na mwajiri anastahili nauli yake, ya mwenzi wake na ya watoto, pamoja na gharama ya mizigo na posho. Serikali imekwisha kuagiza kwamba mtu asihamishwe kabla fedha hazijatengwa. Hata hivyo madai ya uhamisho, hasa ya walimu, yamekuwa wimbo wa miaka mingi. Mtumishi asiyelipwa hana njia ila kupanda basi na sanduku moja. Kutoka Tukuyu mpaka Dodoma kwa njia ya Iringa ni zaidi ya kilometa 600. Hiyo si safari ya kurudi kila Ijumaa.

Liko na suala la mwenzi. Mke mwalimu ambaye mumewe amehamishwa kwa amri hulazimika kuomba nafasi ya kumfuata kana kwamba ni haja yake binafsi, na kungoja. Na mke asiyeajiriwa, ambaye katika hesabu za ofisini huandikwa kuwa hana kazi, mara nyingi ana shamba la chai, migomba na ng'ombe wa maziwa. Anatoka katika nchi ipatayo mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, anakwenda katika nchi ipatayo milimita 600 au pungufu, ambako hata maji ya kupikia hununua. Pato lake linakatika siku ile ile kodi ya nyumba inapoanza. Tusimlaumu mama huyo akisita. Hesabu yake ni sahihi kuliko yetu.

Twasema hivi. Kwanza, uhamisho usio wa dharura na utolewe mwisho wa mwaka wa masomo, na fedha zitangulie barua. Pili, wenzi wote wawili wakiwa watumishi, barua zao zitoke pamoja. Tatu, nyumba za watumishi zijengwe karibu na shule, zahanati na maji, kwa kodi ambayo mshahara wa karani unaimudu.

Sisi wa Rungwe nasi ni wenyeji wa wageni. Wauguzi na walimu kutoka mikoa mingine huletwa Tukuyu, Mwakaleli na Masoko, wakakutana na baridi na lugha wasiyoijua. Mtume alipohamia Madina mwaka 622, Ansari waliwapokea Muhajirina kama ndugu wakagawana nao mali na makazi. Kijiji kinachomkodishia mwalimu chumba kibovu kwa bei ya kumkomoa, kisha kikalalamika kwamba walimu hawakai, kijilaumu chenyewe.

Mtumishi naye ana wajibu. Wako ambao fedha walilipwa, nyumba wakapata, na bado huwaacha watoto kwa bibi yao mwaka baada ya mwaka kwa sababu wasizothubutu kuzitaja. Bibi alikwisha kulea watoto wa wachimba migodi. Hapaswi kulea na wa maofisa.

Uhuru ulikuja ili kazi imfuate mtu na utu wake wote, yaani na mke, mume na watoto wake. Serikali imehamia Dodoma na majengo yake yanaonekana. Kazi iliyobaki ni kuhamisha nyumba nzima, na kazi hiyo haina sababu ya kungoja miaka mingine 40.