Mwenye Kupasuliwa Tumbo Naye Ana Arubaini Yake

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Methali hii nimeisikia tangu utotoni hapa Mombasa, lakini sikuupima uzito wake mpaka siku nilipopanda ngazi za nyumba ya binti wa mamangu mdogo, huko Mji wa Kale, nikamkuta ameketi sakafuni, ameshika tumbo kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka na kuinuka hawezi.

Majirani walikuwa wameambiwa kwamba amekwenda harusini. Kumbe alikuwa Bara Hindi, amekwenda kupasuliwa tumbo ili ngozi iliyolegea baada ya uzazi wa mapacha iondolewe. Safari aliipanga miezi mingi. Fedha alizikusanya, hospitali akaipeleleza, daktari akamwuliza maswali yote. Jambo moja tu hakulipanga: siku ya kurudi nyumbani.

Mpenzi msomaji, upasuaji wa kutengeneza umbo si jambo geni tena kwetu. Oktoba 2024, mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kunyonywa mafuta mwilini, na kliniki iliyohusika ikafungwa kwa amri ya baraza linalosimamia madaktari nchini. Baada ya msiba ule tulizungumza sana juu ya vyeti na leseni, na ni haki tuzungumze. Kila anayekusudia jambo hili ahakikishe kwanza kwamba daktari wake yumo katika daftari la baraza hilo. Lakini kazi ya daktari ni ya saa chache. Kazi ya nyumbani ni ya wiki nyingi, nayo hatuizungumzi kamwe.

Kwa nini hatuizungumzi? Kwa sababu ya aibu. Mwanamke huogopa kuambiwa kwamba amebadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Suala hili wanazuoni wamelitazama. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilitofautisha upasuaji wa kuondoa kasoro au madhara na ule wa kutafuta urembo mtupu. Wa kwanza liliuruhusu kwa masharti, wa pili likaukataza. Mimi si mwanachuoni, na hukumu ya kila mtu namwachia yeye na shekhe wake, waulizane kabla ya kisu kupita. Lakini kisu kikishapita, aliye mbele yetu ni mgonjwa, na mgonjwa ana haki ya kuzuriwa, kulishwa na kuhurumiwa. Hapo si pahala pa kumhukumu.

Tena upasuaji huu si mchezo. Tumbo hukatwa chini, kutoka nyonga hadi nyonga. Ngozi iliyozidi huondolewa, na mara nyingi misuli iliyoachana kwa uzazi huvutwa ikashonwa pamoja. Mtu huyu hutembea ameinama kwa siku kadhaa. Mara nyingi huachiwa mirija ya kutoa maji yanayokusanyika chini ya ngozi, na maji hayo hupimwa na kuandikwa kila siku. Kwa kawaida huambiwa asiinue kitu kizito kwa muda wa wiki sita hivi.

Wiki sita! Niliposikia hesabu hiyo nilicheka kwa uchungu. Arubaini yetu ya uzazi ni wiki sita kasoro siku mbili. Sisi watu wa pwani twajua tangu zamani kwamba mwili uliofanya kazi kubwa hauponi kwa siku saba. Mzazi huwekewa chumba, akapikiwa uji na supu ya kuku, watoto wake wakubwa wakachukuliwa na shangazi. Hakuna anayemwuliza kwa nini hafagii. Basi kwa nini mwenye mshono kama huu aachwe peke yake na mtoto wa miaka mitatu anayetaka kubebwa?

Ndivyo ilivyokuwa kwa binti wa mama mdogo. Alilala godoro la chini, na kuinuka kutoka chini kulimvuta mshono. Chumba kilikuwa ghorofa ya pili, choo chini. Vyombo vilijaa, akainama kuviosha.

Haya yote yangetayarishwa kabla ya safari. Kitanda kiwe cha juu, na mito ya kutosha ya kuinua mgongo na kuweka chini ya magoti, tumbo lisivutike. Chumba kiwe karibu na choo. Maji, dawa na simu viwe pahala pa kufikiwa bila kunyoosha mkono. Madira mapana yanayofunguka mbele yawe tayari. Chakula kiwe chepesi, chenye mboga na matunda, kwa kuwa baadhi ya dawa za maumivu hufunga choo, na kujikamua kwa mwenye mshono ni adhabu. La muhimu zaidi, awepo mtu mzima wa kulala naye siku za mwanzo.

Hata hivyo, si kila desturi ya arubaini yafaa hapa. Mama mdogo alipopata habari alikuja mbio na maji ya moto ya kumkanda, na ukumbuu wa kumfunga tumbo. Lilikuwa pendo la mama, lakini kidonda hiki hakikandwi, na ngozi yake iliyokufa ganzi yaweza kuungua bila yeye kujua. Mkanda wake ni ule aliopewa na daktari, naye ndiye asemaye ukae muda gani. Tena mzazi wetu huambiwa alale. Huyu yampasa atembee kidogo kidogo chumbani mapema, damu isigande miguuni.

Ama kuhusu sala, dini yetu ni nyepesi. Asiyeweza kusujudu husali ameketi na kuashiria, na bandeji isiyofaa kulowa ina hukumu yake ya udhu. Na aulize mapema, asije akajilazimisha akaukata mshono.

Dalili za hatari zijulikane na nyumba nzima: homa, usaha au harufu mbaya, wekundu unaoenea, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika. Hizi mbili za mwisho hazingoji asubuhi. Aliyetoka safari ndefu ya ndege azichunge zaidi, kwani kukaa kitako saa nyingi huzidisha hatari ya damu kuganda.

Binti wa mama mdogo alipona, alhamdulillahi. Watoto wawili nilichukua mimi, mapacha wakaenda kwa nyanya yao, na jirani yule aliyeogopwa sana kwa ulimi wake ndiye aliyeleta uji kila jioni, wala hakuuliza neno. Siri ile iliyolindwa kwa gharama ya machozi, ilipofichuka haikuleta ila msaada.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayekwenda kupasuliwa amwambie japo mtu mmoja wa kwao, na huyo aliyeambiwa atandike kitanda kabla ya kunyosha kidole.