Imani na Inhela Ziende Pamoja Shambani

Wikendi hii wengi mnaenda shambani kwa shosho. Wewe mwenye mtoto wa pumu, kabla hujapakia unga na sukari, pakia inhela zake: ya kufungua kifua akibanwa, na ile ya kuzuia anayotumia kila siku hata akiwa mzima.

Kule kuna moshi wa kuni, vumbi la mahindi yanayopukuchuliwa na baridi ya alfajiri. Mwache acheze na binamu zake, lakini asilale jikoni kwenye moshi.

Kuna atakayeuliza, "Si aliombewa? Imani yenu iko wapi?" Mjibu kwa upole. Soma 2 Wafalme 20: Mungu alikuwa ameshamwahidi Hezekia uponyaji, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu. Ahadi haikufuta dawa. Kumnyima mtoto dawa si imani, ni kumjaribu Mungu.

Akizidi kubanwa hata baada ya inhela, usingoje ibada iishe. Mkimbize hospitali, sisi tutaomba mkiwa njiani.